Siku Tano za Kansas, Kamba Moja ya Katani

Kwenye barabara namba 36, kaskazini mwa jimbo la Kansas, dereva anayekuja mbele yako hapigi honi wala hawashi taa. Anainua kidole cha shahada bila kuubandua mkono kwenye usukani, anapita. Mimi niliyezoea barabara ya Segera kule nyumbani Tanga, ambako ishara ya dereva wa mbele maana yake trafiki wamejibanza konani, nilipunguza mwendo mara sita kabla ya kutambua kwamba hakuna askari yeyote. Watu walikuwa wananisalimu. Kufika mji wa tatu nami nilikuwa nainua kidole kama mwenyeji.

Nilikuwa nimekuja Kansas City kwenye arusi ya binamu yangu. Arusi ikaisha, na siku ya kurudi nyumbani ilikuwa bado. Ndugu wakashauri Chicago. Wengine wakasema New York, kwa kuwa huko angalau utapiga picha. Niliposema nataka kukodi gari niende magharibi, kwenye vijiji vya ngano, wakatazamana. Wamarekani wengi wa pwani huijua Magharibi ya Kati kupitia dirisha la ndege: viraka vya kijani na dhahabu vilivyopangwa kama kanga zilizoanikwa. Kutoka Atchison, ukingoni mwa mto Missouri, hadi Nicodemus, katikati ya nyika, ni mwendo wa saa tano hivi. Niliupa siku tano.

Atchison ni mwendo wa saa moja kutoka Kansas City. Ni mji wa matofali mekundu uliokaa kwenye vilima juu ya mto, na jina lake lilizunguka Marekani nzima kwa kuandikwa ubavuni mwa mabehewa: kampuni ya reli maarufu ya Atchison, Topeka na Santa Fe iliasisiwa hapa. Juu ya genge kuna nyumba nyeupe ya mbao alimozaliwa rubani Amelia Earhart tarehe 24 Julai 1897, nyumbani kwa babu na bibi yake. Wageni wengi huja kwa ajili yake. Chumbani mwake unasimama dirishani, unautazama mto chini, na unaelewa kwa nini mtoto aliyekulia kwenye kimo kile alitamani kuendelea kupanda. Mwezi Juni 1937, akiizunguka dunia kwa ndege, alipita Khartoum na Massawa. Mwezi uliofuata akapotelea kwenye bahari ya Pasifiki.

Mimi nilikuwa na mwenyeji mwingine wa kumtafuta. Septemba 1960 binti wa Nyeri, Wangari Muta, aliwasili hapa pamoja na Mkenya mwenzake ili kusoma chuo cha Mount St. Scholastica, kilichoendeshwa na masista Wabenedikto. Walikuwa miongoni mwa mamia ya vijana waliosafirishwa kwa mpango wa Tom Mboya, mwaka huo ukisaidiwa na mfuko wa familia ya Kennedy. Walitua New York, kisha wakapanda basi kuja huku bara. Katika kitabu chake cha maisha, kilichotoka 2006, anasimulia jinsi walivyoingia mkahawani njiani wakiwa na kiu, wakaambiwa soda watauziwa ila wakainywee nje, kwa sababu ya rangi yao. Alikaa Atchison miaka minne, akahitimu biolojia mwaka 1964. Dunia ilikuja kumjua kama Wangari Maathai, mwanzilishi wa harakati ya kupanda miti ya Green Belt na mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel ya 2004.

Majengo ya masista bado yapo, minara yake ikichungulia juu ya miti mikubwa. Chuo chenyewe kiliunganishwa na kile cha wanaume mwaka 1971, sasa kinaitwa Benedictine. Nilizunguka uwanjani asubuhi nzima. Mialoni, mijozi; mipapai hakuna. Nilijaribu kumwona msichana wa miaka 20 kutoka Ihithe akiitazama miti hii ikipukutisha majani yote kwa mara ya kwanza, bila mtu wa kumwambia kwamba haijafa.

Baada ya Atchison vilima vinaanza kulala. Juni ni mwezi wa mavuno, kwa kuwa ngano ya Kansas hupandwa vuli, hulala chini ya theluji, na huiva kiangazi kinapoanza. Mbegu iliyoleta utajiri huu, ngano nyekundu ngumu, ilifika na waumini wa Kimenoni waliohama Urusi mwaka 1874. Sasa mashine za kuvunia, pana kama nyumba ya vyumba vitatu, zinatembea usiku na mchana zikiwa na taa, na nyuma yao vumbi la makapi linaninginia hewani. Kila mji unaujua ukiwa bado kilometa 10. Kwanza linatokea ghala la nafaka, nguzo nyeupe za zege zilizounganishwa, refu kuliko jengo lolote la mkoa. Kisha tangi la maji lenye jina la mji. Kisha bango la maili kwa saa, benki, kanisa, kanisa lingine, na umeshatoka.

Hiawatha nilisimama kwa sababu ya kaburi. Mkulima tajiri, John Davis, alifiwa na mkewe Sarah mwaka 1930, naye akatumia mali nyingi kumjengea kaburi la kumbukumbu katika miaka ile ya mdororo mkuu wa uchumi. Ni sanamu 11 za ukubwa wa binadamu, za marumaru ya Italia na jiwe gumu, zikiwaonyesha wawili hao tangu ujana hadi uzee. Davis alikuwa amepoteza mkono wa kushoto, na wachongaji hawakuuficha. Sanamu moja inamwonyesha mzee peke yake, pembeni mwake kiti kitupu cha mawe. Wenzake wa Hiawatha walikasirika, walitaka hospitali. Leo ndilo jambo linalosimamisha magari ya wageni mjini kwao.

Usiku wa kwanza nililala karibu na Marysville, mji wa kindi weusi. Hawa ni wanyama wa kawaida kwa kila kitu ila rangi, na wenyeji husimulia kwamba mababu zao walitoroka kwenye sarakasi iliyopita mjini. Mwaka 1972 baraza la mji lilipitisha sheria: kindi mweusi ni alama rasmi ya Marysville, ana ruhusa ya kupita kwenye mali zote za mji, na ana haki ya kuvuka barabara kabla ya magari. Niliona mmoja akiitumia haki hiyo. Lori la ngano likasimama.

Mji huohuo una zizi la mawe lililojengwa 1859, kituo cha farasi wa Pony Express, posta ya mbio iliyobeba barua kutoka St. Joseph hadi Sacramento kwa siku 10 hivi, wapanda farasi wakipokezana. Ilianza Aprili 1860 na kufa Oktoba 1861, waya wa telegrafu ulipovuka bara. Miezi 18 tu, na Wamarekani hawajaisahau hadi leo.

Chakula cha njia hii kinataka maelezo. Katika mkahawa mmoja mdogo wenye meza sita nililetewa bakuli la nyama ya kusaga na maharage yaliyokolezwa pilipili, na kando yake mkate mtamu wa mdalasini uliomwagiwa sukari laini. Nikasubiri mhudumu aje achukue ule mkate, nikidhani ni wa meza ya pili. Mzee aliyekaa jirani akaniambia, bila kugeuza shingo, kwamba vinaliwa pamoja, unachovya. Nikachovya. Nikakumbuka mgeni wa bara anavyotushangaa nyumbani tukila maandazi na mbaazi za nazi, nikamaliza bakuli.

Karibu na Lebanon, kijiji cha watu wapatao 200, kuna nguzo fupi ya mawe yenye bendera juu. Hapo ndipo kitovu cha majimbo 48 yanayopakana. Mwaka 1918 wapimaji wa serikali walikata kipande cha kadibodi kwa umbo la nchi, wakakitafutia mahali kinapotulia juu ya ncha bila kuinama. Ncha ikaangukia huku. Ukweli ni kwamba nukta yenyewe iko shambani kwa mtu, kama nusu maili kutoka kwenye nguzo. Mnara ukawekwa pale ambapo gari linaweza kufika. Watu wakajenga na hoteli ndogo wakitarajia umati. Umati haukuja. Kisha mwaka 1959 Alaska na Hawaii zikaingia katika muungano, na kitovu cha nchi nzima kikahamia Dakota Kusini. Lebanon imebaki na kikanisa chake cha mbao, ambamo watu wachache tu wanaenea, na kitabu cha wageni. Nilikuwa peke yangu. Upepo ulikuwa unagonga kamba ya bendera kwenye mlingoti, ta, ta, ta.

Na kamba ndiyo iliyonileta.

Cawker City iko kusini ya hapo, kwenye barabara namba 24, ina wakazi wasiofika 500. Kwenye njia ya watembea kwa miguu umechorwa mstari wa rangi unaokuongoza, kana kwamba unaweza kupotea katika mtaa mmoja. Mstari unaishia chini ya banda lisilo na kuta. Ndani yake limekaa bonge la kamba lenye uzito wa zaidi ya tani 9, refu kunizidi, la rangi ya nyasi kavu upande wa juani na ya asali upande wa kivulini.

Mwaka 1953 mkulima Frank Stoeber alichoka kukanyaga vipande vya kamba zilizofunguliwa kwenye marobota ya majani ya ng'ombe. Badala ya kuvichoma alivifunga kimoja kwa kingine, akaviviringa. Aliendelea kila jioni. Mwaka 1961 akaupa mji bonge lake. Alipofariki 1974 lilikuwa na kipenyo cha futi 11 na kamba ya futi milioni 1.6, karibu kilometa 490. Ukiiviringua kutoka Tanga itakufikisha Dar es Salaam, na kilometa za ziada zitabaki. Kila Agosti watu wa Cawker City wanakusanyika kuongeza kamba, hivyo bonge halijaacha kunenepa. Madirisha ya maduka yaliyofungwa yamepambwa kwa michoro maarufu ya dunia iliyochorwa upya, na katika kila mmoja limechomekwa bonge: yupo hata Mona Lisa amelipakata.

Nililisogelea, nikalinusa.

Harufu haikuwa na haja ya kutambulishwa. Nimezaliwa Muheza. Babu yangu aliletwa Tanga kutoka Songea na SILABU, ofisi ya kuajiri vibarua wa mkonge iliyoanza 1944, na hadi anakufa alijiita manamba. Alikuwa na kipande, ile kadi ya siku 30 za kazi, na kila siku alitakiwa akate mafungu kadhaa ya majani 30 kwa 30, kila jani likiwa na mwiba mweusi nchani. Majani yalikwenda kwenye mashine ya kuparua, ambayo watu wa Tanga wote wanaiita korona, yakatoka nyuzi za kijani mbichi zenye ute unaowasha. Zikaanikwa juani zikawa nyeupe. Zikapigwa brashi. Hapo ndipo jani la mkonge linapogeuka kuwa katani, na katani iliyokauka ina harufu yake: nusu nyasi, nusu gunia jipya. Nywele zake ndogo zinachoma kwenye mkunjo wa kiwiko. Nilipoweka kiganja kwenye bonge la Stoeber, zilinichoma palepale.

Mkonge wenyewe haukuwa wa kwetu. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika hai Pwani yetu ilikuwa 62. Kutokana na hiyo 62 yalizaliwa mashamba ya Tanga na Pangani, Korogwe na Morogoro. Wakati Stoeber anaanza kuviringa, Tanganyika ilikuwa inaongoza dunia kwa mkonge, na mnunuzi wake mkubwa alikuwa mkulima kama yeye. Ngano ya zamani ilivunwa kwa mashine iliyofunga miganda kwa kamba. Baadaye zikaja mashine za kufunga marobota ya majani, nazo zikala kamba zaidi. Katani ilipendwa kwa sababu ni imara, ni rahisi, na ng'ombe akimeza kipande kinaoza tumboni bila kumdhuru. Hitaji lilikuwa kubwa kiasi kwamba hata gereza la jimbo pale Lansing, kusini kidogo ya Atchison, liliwahi kuwa na kiwanda cha wafungwa wa kusokota kamba ya ngano.

Kisha ikaja plastiki. Bei ya katani ikaanza kuporomoka katika miaka ya 1960. Uzalishaji wa Tanzania, uliokaribia tani 230,000 mwaka 1964, ulishuka hadi chini ya tani 30,000 mwishoni mwa karne. Korona nyingi zilinyamaza. Nilikua nikicheza ndani ya moja iliyokufa, tukiyakimbilia magurudumu yake yenye kutu.

Mama mmoja wa mjini aliyekuwa akipita alinikuta nimesimama pale muda mrefu kuliko kawaida ya wageni. Akaingia kwenye gari lake, akarudi na kibonge cha kamba, akanikatia kipande kama cha dhiraa nne. Utaratibu ni kwamba unakifunga kwenye ncha ya mgeni aliyekutangulia, kisha unalizunguka bonge ukikibana kwa kiganja. Nilipiga fundo alilonifundisha babu, lile la kufungia mafungu. Mama akalivuta, halikuteleza. Akauliza nimejifunza wapi.

"Nyumbani," nikasema. "Hii tunailima."

Akanitazama, akalitazama bonge. "Yote hii?"

Kusini ya Cawker City nchi inageuka kuwa ya mawe. Walowezi wa karne ya 19 hawakuwa na miti ya kujengea nyua, lakini chini ya udongo walikuta tabaka jembamba la mawe ya chokaa, laini likitoka ardhini na gumu likipigwa na upepo. Walilitoboa matundu kwa mstari, wakachomeka kabari, wakagonga moja baada ya nyingine hadi jiwe likapasuka lenyewe. Nguzo moja ina kilo 100 hadi 200. Zimesimama mpaka leo kilometa kwa kilometa, za rangi ya manjano, zikiwa zimefungwa seng'enge.

Katika nchi hiyo, kijiji cha Lucas, askari mstaafu wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, S. P. Dinsmoor, alijenga nyumba kwa mawe yaliyochongwa kama magogo, na mwaka 1907 akaanza kuizungushia bustani ya Edeni ya saruji. Kuna Adamu, Hawa na nyoka. Kuna miti ya saruji inayopita paa. Upande mmoja amemtundika Mfanyakazi msalabani, na wanaomsulubisha ni mwanasheria, daktari, mhubiri na mwenye benki. Akiwa na miaka 81 Dinsmoor alioa mke wa miaka 20. Alikufa 1932, na amelala ndani ya kaburi alilojijengea uani, kwenye jeneza lenye kifuniko cha kioo. Wenye kulipia ziara wanaingizwa kumwona. Niliingia. Nilitoka haraka.

Asubuhi ya siku ya tano, kwenye barabara ya changarawe magharibi ya Lucas, kitu kilianza kukwaruza chini ya gari. Ni ile ngao ya plastiki iliyo chini ya injini. Upande mmoja ulikuwa umechomoka na kuburuzwa. Nilikuwa nimelala chali kwenye vumbi niliposikia pikapu inasimama. Mkulima wa makamo, kofia ya mbegu kichwani, alichungulia, akasema neno moja, akaenda nyuma ya pikapu yake. Akarudi na kamba. Ilikuwa ya plastiki, ya rangi ya chungwa.

Nikamuuliza kama hana ya katani.

Akacheka. Hiyo alikuwa akiitumia baba yake, akasema. Siku hizi marobota ya duara yanavishwa wavu, kamba yenyewe anaiweka kwa ajili ya mambo kama haya. Alifunga pande mbili, akagonga boneti kwa kiganja, akaondoka. Kwenye usukani kidole kikainuka.

Nikaingia Nicodemus na gari lililofungwa kamba.

Kijiji hiki kilianzishwa 1877 na watu weusi waliotoka Kentucky, miaka 12 tu baada ya utumwa kufutwa. Matangazo waliyosomewa yaliwaahidi mji. Waliofika walikuta nyika. Mmoja wao, Willianna Hickman, alisimulia baadaye jinsi mwaka 1878 alivyosikia wenzake wakishangilia kwamba Nicodemus ndiyo ile. Alitazama asione kitu, mumewe akamwonyesha moshi uliokuwa ukitoka ardhini. Watu walikuwa wanaishi kwenye mashimo waliyochimba. Akaangua kilio. Majira ya baridi ya kwanza yangewaua lau si wawindaji wa Kiosage waliopita na kuwagawia nyama. Wakavumilia, wakalima, wakajenga maduka, makanisa, shule, wakawa na magazeti. Walichongojea ni reli. Mwaka 1888 reli ikapita ng'ambo ya pili ya mto Solomon, kilometa chache tu. Wafanyabiashara wakabeba maduka yao wakaifuata.

Yamebaki majengo matano ya kale na wakazi wachache sana. Tangu 1996 serikali inakihifadhi kama eneo la kihistoria la taifa. Mwisho wa kila Julai wajukuu na vitukuu hurudi kwa mamia kutoka Denver, Kansas City na California, wakila na kuimba kwa siku kadhaa. Mimi nilitangulia mwezi mmoja. Ukumbi wa mawe uliojengwa 1939 ulikuwa wazi, ndani baridi ya kupendeza, picha za familia ukutani.

Bibi mmoja alikuwa amekaa karibu na dirisha. Mababu zake wamezikwa pale juu kilimani, akaniambia. Akaniuliza natoka wapi, nikamtajia Tanzania, akataka jina la mji hasa. Nikamwambia Muheza. Akalirudia polepole mara mbili mpaka likakaa vizuri mdomoni.

"Mji mkubwa?"

Mdogo, nikasema. Mashamba ya mkonge, machungwa, soko.

"Reli inafika?"

Nikamwambia inafika. Ilijengwa na Wajerumani, ikaingia Muheza mwaka 1896, na inapita katikati ya mji.

Akatikisa kichwa taratibu, akaangalia nje upande wa mto.